Watoto Wetu na Majina ya Viumbe

Masomo: Mwanzo 2:18–20, Luka 12:22–24



Jumapili moja mwaka jana, baada ya Misa ya kwanza, nilikuwa na watoto wa Shule ya Jumapili, wale wa miaka saba hadi kumi na mmoja. Somo lilikuwa Safina ya Nuhu. Mimi ni mwalimu wa siku nyingi, nami najua kwamba somo lisiloanza na swali huwahi kusinziliwa. Basi nikauliza, "Nani atanitajia wanyama watatu walioingia katika safina?" Mikono ikapanda. Simba, faru, tembo. Nikauliza tena, "Mmewaona wapi?" Mtoto mmoja ambaye mama yake ana meza ya mitumba Mtaa wa Kongo akajibu bila kusita, "Kwenye pesa, Bibi Mwalimu. Simba elfu mbili, faru elfu tano, tembo elfu kumi." Mwenzake akamkatiza kwamba Simba ni timu, na makao yake yako Mtaa wa Msimbazi. Watoto wakacheka, nami nikacheka pamoja nao.

Nikawaambia, "Haya, sasa nitajieni wale ambao hawako kwenye pesa wala kwenye jezi, walioumbwa na Mungu wakawekwa hapa karibu yetu." Wakafikiri. Kunguru. Panya. Mende. Paka. Mbu. Wakaishia hapo. Wale ni watoto hodari, ndugu zangu. Wanajua bei ya kila kitu kuanzia Mnazi Mmoja mpaka Jangwani, wanajua kuhesabu chenji kuliko mimi. Lakini walipofika kwenye mbu wakanitazama kama watu waliomaliza hesabu yao.

Usiku ule sikupata usingizi mzuri. Nikafungua Mwanzo sura ya pili nikasoma taratibu, kama mtu anayesahihisha daftari.

Twasoma pale kwamba Mungu aliwafanyiza kwa udongo wanyama wote wa porini na ndege wote wa angani, kisha akamletea Adamu ili aone atawaitaje. Na kila jina Adamu alilotamka likawa ndilo jina la kiumbe hicho. Zamani nilipokuwa nikisoma maneno haya nilidhani ni habari ya mamlaka tu, kwamba Adamu alikabidhiwa wanyama kama mtu anavyokabidhiwa funguo za ghala. Sasa nayasoma kwa macho ya mwalimu. Mungu hakumpa Adamu orodha akariri. Hakumchorea ubaoni. Aliwaleta wenyewe, mmoja mmoja, mbele ya macho yake, akangoja. Pale Korogwe, katika chuo cha ualimu, tulifundishwa kwamba zana bora ya kufundishia ni kitu chenyewe. Kisipopatikana kitu chenyewe, mfano wake. Usipopatikana mfano, picha. Mwenyezi Mungu alianza na kitu chenyewe. Sisi tumeanza na picha ya noti ya elfu kumi, tukaishia hapo hapo.

Na jina si jambo dogo. Nimefundisha darasa la watoto tisini na zaidi katika chumba kimoja, nanyi wenzangu mliopata kushika chaki mnajua ninachotaka kusema. Mtoto ambaye hujalijua jina lake, hata asipokuja wiki nzima hutagundua. Unatazama darasa, unaona limejaa. Bali yule unayemjua jina, kiti chake kikiwa wazi asubuhi moja tu, unauliza, "Yuko wapi?" Mchungaji mwema, tunaambiwa katika Yohana 10, huwaita kondoo wake kwa majina. Ndiyo maana akipotea mmoja katika mia, anajua. Kiumbe ambacho hatukijui jina kinaweza kutoweka katika nchi hii kesho, na sisi tukaendelea kuona darasa limejaa.

Tena sisi watu wa Kariakoo tungepaswa kulifahamu jambo hili la majina kuliko wengine. Mahali petu pamepata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliokuwa na kambi yao hapa. Watu wale walibeba mizigo kichwani mpaka wakafa kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi, na wengi wao hawana kaburi lenye jina. Askofu wetu Frank Weston wa Zanzibar aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi mwaka 1916, akatembea nao. Hilo huwa nalitaja kila nipatapo nafasi, mnisamehe.

Tembeeni basi mitaa yetu mkasome vibao. Mtaa wa Mchikichi: ni watoto wangapi wanaoishi pale wamepata kuuona mchikichi? Mtaa wa Mkunguni: mkungu wenyewe uko wapi? Mtaa wa Twiga, ambako wenzetu wa Yanga wana jengo lao, hata mbuzi sasa hapiti. Wazee waliokuwapo kabla yetu walituachia majina kwenye vibao, nasi tumewapa watoto vibao bila vitu vyenyewe.

Niwaeleze sasa habari ya kunguru, maana ndiye ndege mmoja ambaye watoto wale walimtaja kwa uhakika. Bwana wetu alituagiza tuwafikiri kunguru, kwamba hawapandi wala hawavuni, hawana ghala, na Mungu huwalisha. Kwa hiyo tukawafikiri pamoja darasani. Nikawauliza kunguru wao ni wa rangi gani. Mweusi, wakasema, na shingo yake kama majivu. Naam, huyo ndiye anayejaa juu ya mabati yetu alfajiri, anayenyakua maandazi mikononi mwa watoto. Lakini huyo si mwenyeji. Asili yake ni India na nchi za jirani yake. Aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, ati aje kusaidia kula takataka za mji, na kutoka huko akaenea pwani yote. Mwenyeji wetu ni kunguru mwingine, mkubwa zaidi, mwenye kifua cheupe na ukosi mweupe shingoni kama kasisi aliyevaa kola. Mgeni amemsukuma nje ya mji. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine, anawafukuza wakubwa kwa kuwazonga kwa makundi. Mara kadhaa wataalamu wamejaribu kumpunguza kwa mitego na kwa sumu, na kila mara ameongezeka tena, kwa sababu chakula chake hakipungui. Chakula chake ni taka zetu.

Mtoto mmoja akaniuliza swali ambalo ningependa tulijibu sisi wazima: "Bibi, kwa hiyo Mungu hamlishi huyu wa India?" Nikamwambia anamlisha. Ndege hana kosa, hakupanda chombo kwa hiari yake. Tuliomleta ni wanadamu, tunaomnenepesha ni sisi. Nikaona amekubali nusu tu, na nadhani alikuwa na haki.

Hapo sina budi kuungama jambo langu mwenyewe, maana haifai kuwanyooshea wengine kidole nikauficha wangu mfukoni.

Katika miaka ya themanini, nikiwa mwalimu kijana katika shule moja ya hapa mjini, nilifundisha Sayansi darasa la nne. Nilikuwa nimewaambia watoto kwamba wiki ile tutajifunza wanyama watambaao. Jumatatu asubuhi mvulana mmoja aliyetoka kuwatembelea jamaa zake upande wa Kisarawe akaja na kopo la maziwa lililotobolewa matundu juu. Akalifungua juu ya dawati langu. Ndani mlikuwa na kinyonga.

Ndugu zangu, nyumbani kwetu kinyonga alikuwa kitu cha kuogofya. Bibi yangu alitusimulia kwamba ndiye aliyetumwa na habari ya uzima, akachelewa njiani, na kwa kuchelewa kwake mauti yakawapata watu. Tena tuliambiwa ana sumu, kwamba akikuuma hupati dawa. Chuoni nilikuwa nimesoma kwamba kinyonga hana sumu hata kidogo, na mtihani nilipasi. Lakini yalipotoka yale macho mawili, moja likitazama mbele na jingine nyuma, elimu yote ikanikimbia. Darasa likapiga kelele na kukimbilia mlangoni. Nami nikaamuru mvulana mkubwa amuue kwa fimbo, akamuua. Kisha nikamchapa yule mwenye kopo viboko vinne kwa kuleta fujo darasani. Alisema jambo moja tu: "Mwalimu, nilitaka tumwone anavyobadili rangi."

Mwaka ule wote hakunyosha mkono tena katika somo langu.

Nilikutana naye miaka michache iliyopita karibu na soko kuu, yeye sasa ni mtu mzima mwenye familia na duka la vifaa vya mabomba. Akaniamkia kwa heshima, "Shikamoo, Mwalimu." Nikamkumbusha habari ya kopo, maana ilikuwa imenikaa rohoni muda wote, nikamwomba radhi. Akacheka sana. Akasema, "Mwalimu, mimi nimesahau viboko. Lakini kinyonga nawaogopa mpaka leo. Juzi mwanangu alimkuta mmoja kwenye ua kule Chanika tunakojenga, nikamwambia amponde kwa jiwe." Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu anayemwonyesha mwalimu wake kwamba somo alilishika. Nikaagana naye nikaenda zangu. Somo langu la Jumatatu ile lilikuwa limefika mpaka kwa mtoto wa pili.

Kwa hiyo nilipomwomba Padri ruhusa ya kuwapeleka watoto wa Shule ya Jumapili katika msitu wa Pugu, sikuwa nafanya jambo la starehe. Nilikuwa nalipa deni.

Wengi wetu tunapita Pugu bila kugeuza shingo. Ukitoka Kariakoo ukashika Barabara ya Nyerere, ukapita uwanja wa ndege na Gongo la Mboto, ukaendelea kuelekea Kisarawe, unaingia katika vilima ambavyo vina mabaki ya msitu wa kale wa pwani. Zamani msitu wa namna hii ulifuata pwani kutoka Kenya mpaka Msumbiji. Leo umebaki vipande vipande, na kimojawapo ni hiki cha Pugu na Kazimzumbwi, ambacho sasa kimepandishwa hadhi kuwa Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Sisi Waanglikana vilima vile si vigeni kwetu. Shule ya Minaki, ambayo mapadri wa misheni ya UMCA waliihamisha kutoka Kiungani katika miaka ya 1920, iko huko huko, na wazee wetu wengi walioshika kalamu wa kwanza walisomea pale, wakisikia kima wakilia asubuhi kabla ya kengele ya Sala.

Tulikwenda watoto ishirini na watatu, walimu watatu, na mama wawili. Njiani watoto waliimba mpaka wakachoka. Tulipofika, bwana misitu aliyetupokea aliwaambia jambo la kwanza, wanyamaze wahesabu mpaka mia moja huku wakisikiliza. Mtoto wa Kariakoo kunyamaza mpaka mia moja! Walifika thelathini wakaanza kusukumana. Mara ya pili wakafika. Mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba masikio yake yanalia. Hakuwa mgonjwa. Hakuwahi kukaa mahali pasipo na kipaza sauti cha muuza dawa za panya.

Lazima niseme kweli, baadhi walivunjika moyo mwanzoni. Walitazamia simba. Walipoambiwa hakuna, mmoja akaniuliza kama nauli itarudishwa. Lakini msitu hauna haraka. Tuliona kima wakivuka juu ya njia, mama mmoja na mtoto wake amemng'ang'ania tumboni. Tulimsikia hondohondo kabla ya kumwona, kwa mlio ule wa kama mtoto mkubwa anayelilia kitu. Tuliona siafu wakivuka njia, na hapo kila mtu akajifunza kuruka. Bwana misitu akatuonyesha mti wa msandarusi, akakwangua kidogo utomvu uliokauka kwenye gome, akawapa wanuse. Wazee wa pwani hii waliuchimba sandarusi ardhini, uliozama tangu zamani, wakauuza kwa wafanyabiashara wa Zanzibar, ukaenda Ulaya na Marekani kutengenezwa vanishi. Mtoto wa mitumba akauliza kilo moja ni shilingi ngapi. Damu ni damu.

Kisha tukafika mahali palipo na majani mengi makavu, bwana misitu akasimama akainua mkono. Kitu kikachakura, kikaruka, kikapotea. Akasema ni sange. Sange ni mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga mfupi, mgongo wake mweusi na uso wa rangi ya kutu, anayefukua wadudu katika majani. Wataalamu wamegundua kwamba hana undugu na panya ingawa anafanana naye. Undugu wake wa mbali ni na tembo. Watoto walicheka wakidhani wanataniwa. Nami niliposikia mara ya kwanza nilidhani hivyo hivyo. Lakini hebu fikirini, tembo wa elfu kumi ana ndugu yake mdogo asiyezidi paka, anayeishi karibu na mwisho wa daladala zetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akilijua jina lake.

Tukaambiwa pia kuna komba wa Rondo, ambaye hatukumwona kwa kuwa hutoka usiku. Huyu ana uzito wa gramu sitini hivi. Mnaweza kumweka kwenye mizani ya muuza pilipili manga sokoni na jiwe lisiinuke. Ameitwa kwa jina la uwanda wa juu wa Rondo kule Lindi, ambao wenzetu wa kusini wanaufahamu vizuri kwa kazi za Kanisa letu huko. Katika dunia nzima haonekani penginepo ila katika vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania. Si Kenya, si Ulaya, si katika bustani za wanyama za matajiri. Pugu ni mojawapo ya nyumba zake chache. Na ni mmoja wa wanyama wa jamii ya komba na kima walio katika hatari kubwa ya kutoweka ulimwenguni.

Kwa nini yuko hatarini? Jibu tulilikuta hatua mia mbili mbele. Palikuwa na duara jeusi ardhini, visiki pande zote, na majani yameanza kuota juu yake. Tanuri la mkaa, la zamani kidogo. Watoto walisimama wakitazama. Msichana mmoja, mtulivu, ambaye siku nzima hakusema neno, akaniuliza, "Bibi, mkaa wetu unatoka hapa?"

Nilimjibu kwamba sijui. Hilo lilikuwa jibu la mtu mwoga. Mimi nanunua mkaa tangu nilipoanza kuwa na nyumba yangu. Najua magunia yale yalikuwa yakija mjini kwa baiskeli na malori kutoka Kisarawe na kwingineko, sijapata kumwuliza muuzaji hata siku moja ni mti gani na wa msitu upi. Nilikuwa nauliza bei tu. Hata taka zetu za Kariakoo safari yao ni ya upande ule ule, maana dampo la mji liko Pugu Kinyamwezi. Tunachukua miti, tunarudisha taka.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya. Katika kikao cha halmashauri ya mtaa nilileta ombi kwamba safari hii ifanywe kila mwaka, na ipewe fungu dogo katika bajeti ya kanisa ili watoto wasio na uwezo wasiachwe. Wajumbe walinisikiliza kwa adabu, kisha ombi likaahirishwa. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema, "Mwalimu, paa la kanisa linavuja upande wa kwaya. Tutawaeleza nini Wakristo, kwamba fedha zao zimekwenda kuangalia nyani?" Mama mmoja akasema mambo ya wanyama ni kazi ya shule, na Kanisa kazi yake ni roho. Mwingine akahofia nyoka.

Nimezitafakari hoja hizi kwa muda, sitaki kuzidharau. Paa linavuja kweli, nami hukaa upande ule ule. Lakini nasema hivi. Mwaka 1990 baraza la ushauri la Waanglikana wa dunia nzima liliongeza alama ya tano katika zile alama za utume tunazowafundisha wanaojiandaa kwa Kipaimara, nayo ni kulinda uumbaji na kuuhuisha uhai wa dunia. Tunawakaririsha vijana alama zote tano, wanapasi, Askofu anawawekea mikono. Ya tano tunaitendea wapi? Kwa alama ya pili, ya kufundisha na kubatiza, tuna madarasa na vitabu. Kwa ya tatu, ya kuwahudumia wahitaji, tuna mfuko wa wajane. Ya tano haina hata shilingi mia ya nauli.

Kuhusu shule, ni kweli. Miaka ile ya 1980 zilipoanzishwa Klabu za Malihai, makao yake Arusha, nilifurahi sana kwa jina lenyewe, mali iliyo hai, na shule nyingi zikaanzisha klabu. Bado zipo, na mwalimu mwenye bidii anaweza kufanya mengi. Lakini mwenye darasa kubwa na mtihani wa taifa mbele yake, Jumamosi huwa amechoka. Tena shule itamfundisha mtoto sange ana miguu mingapi. Haitamwambia kwamba sange aliletwa mbele ya Adamu na Mungu mwenyewe, na kwamba mwanadamu aliambiwa ailime bustani na kuitunza. Hilo ni letu. Mfalme Sulemani aliyeomba hekima, hekima yake ilipoelezwa katika 1 Wafalme 4:33, twaambiwa alinena habari za miti, kuanzia mwerezi wa Lebanoni mpaka hisopo unaoota ukutani, na habari za wanyama, na ndege, na watambaao, na samaki. Mtu wa Mungu hakuona ni jambo la chini kufundisha habari za mijusi.

Na nyoka? Wapo. Walimu hutangulia na bwana misitu, watoto huvaa viatu, hawatoki njiani. Katika safari yetu aliyeumia ni mmoja tu, mwalimu aliyejikwaa kwenye mzizi akitazama juu. Mwalimu huyo ni mimi.

Wengine wameniambia afadhali tungoje tupate fedha za kuwapeleka Mikumi wakaone wanyama wakubwa. Mikumi ni hifadhi ya taifa tangu 1964, kuzuri sana, na nikijaliwa ningependa kila mtoto aione. Lakini ni mwendo wa karibu kilometa mia tatu. Tukingoja Mikumi, hawa wa leo watakuwa wameoa. Kisha naogopa tutawafundisha kwamba viumbe vya Mungu viko mbali, vinatazamwa kwa gari na kwa tiketi, ilhali mkaa uko jikoni.

Kwa wazazi ambao hata Pugu hawawezi, anzeni kwa miguu. Vukeni Mnazi Mmoja, fuateni Barabara ya Samora mpaka Bustani ya Mimea iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa. Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 kwa kujaribu mazao ya kigeni, na ingawa leo imebaki sehemu ndogo tu ya ile ya awali, ina miti yenye umri kuliko babu zetu. Kaeni chini na mtoto nusu saa bila simu. Mwonyesheni mwewe anayezunguka juu ya mji. Mwonyesheni mjusi wa ukutani usiku, anayekula mbu mnaowalalamikia, mkamzuie kumpiga kwa kandambili.

Halmashauri itakaa tena mwezi ujao. Fungu likipita au lisipite, Padri ameruhusu twende Jumamosi ya kwanza baada ya Sikukuu ya Mtakatifu Fransisko, kwa michango ya hiari. Bahasha iko kwa katibu wa mtaa. Mkutano ni mbele ya kanisa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na gari halitangoji mtu. Kila mtoto avae viatu vilivyofungwa, si ndala. Achukue maji, chapati au viazi, na mfuko wa kurudishia taka zake nyumbani. Wazazi wanne wanatakiwa kufuatana nasi, na ningefurahi wawili wawe akina baba. Mjumbe yeyote wa halmashauri atakayependa kuja, kiti chake nimekwisha kumwekea.

Atakayemwona kinyonga asimguse wala asimpige, aniite kwanza. Nitakuja, ingawa polepole, na safari hii nitamshika mimi.